Kipandio cha Nives

Delfo Zoffoli alikuwa na sheria moja ya safari, na kwa miaka ishirini na sita aliishika bila kuyumba: kempa ikisimama, kisiguse ardhi kitu chochote isipokuwa magurudumu yake manne. Si kiti, si meza, si kabari ya mbao ya kusawazishia, si hata ndoo ya kuoshea vyombo. Kempa, hilo gari lenye vitanda na jiko ambalo wastaafu wa Italia huzungukia pwani, ni gari maadamu limesimama kwa magurudumu yake. Likianza kujitandaza chini limegeuka kambi, na kambi haina haki ya kukaa kwenye maegesho ya watu wote. Ndivyo isemavyo sheria ya barabara, na Delfo alikuwa ameinakili kwa mkono wake na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe, ili kila anayetaka kahawa aisome kwanza.

Alikuwa mchomeleaji. Miaka thelathini na minane alichomelea matumbo ya meli kwenye karakana moja ya Ravenna. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa akipita nyuma ya vijana na nyundo ndogo, akigonga kila kiungo na kutega sikio. Kilicholia kizima alikiacha. Kilicholia vibaya kilikatwa na kuanzwa upya, hata kama kengele ya kwenda nyumbani imeshapigwa. Delfo alipofikia cheo hicho alirithi nyundo ile, na alipostaafu hakuna aliyethubutu kumwomba airudishe. Iliishi kwenye droo ya kempa pamoja na visu na kijiko cha kuchotea chumvi.

Kila tarehe mosi Agosti yeye na mkewe Nives, aliyekuwa mpishi wa shule ya chekechea, walishika barabara ya pwani kuelekea kusini, bahari mkono wa kushoto, reli katikati, mwendo wa kilomita sitini kwa saa, na msururu wa magari ukipiga honi nyuma yao. Delfo hakuwahi kujibu honi. Zamani walilala popote palipowapendeza. Kisha miji ikaanza kufunga vyuma: boriti moja ya mlalo juu ya mlango wa kila maegesho, mita mbili kutoka ardhini, gari dogo lipite na kempa ibaki nje. Watu wa kempa walikuwa wamejitakia. Walianika chupi kwenye miti, walichoma samaki kando ya magari ya wenyeji, walimwaga maji machafu usiku. Delfo alilisema hilo waziwazi, ndiyo maana wengi hawakumpenda. Kila chuma kipya Nives alikitia alama ya kalamu nyekundu kwenye ramani, na mwaka wa ishirini wa safari zao pwani yote kuanzia Rimini kwenda chini ilikuwa imetapakaa wekundu kama mtoto mwenye surua.

Palibaki mahali pamoja, Marina di Valcupa, huko Abruzzo. Maegesho ya changarawe na mchanga chini ya misonobari, bomba la maji la watu wote, na hatua thelathini kufika baharini. Meya wa hapo naye alitaka chuma chake. Chama cha wenye kempa kikaenda kuongea naye, na baada ya majira mawili ya maneno makali wakaandikiana: magari yakae, mradi yakae kama magari. Lakini kosa moja la kupiga kambi likithibitishwa mbele ya hakimu, chuma kinawekwa na hakuna rufaa. Kwa upande wa chama walitia sahihi watu watatu, na wa kwanza alikuwa Delfo.

Tangu siku hiyo alipita kila asubuhi kwenye safu ya kempa, zenye watu arobaini hivi, mikono nyuma, macho chini.

"Quinto, kiti."

"Kiti gani?"

"Hicho ulichokikalia."

Quinto Marzoli, kinyozi mstaafu wa Terni, alikuwa ameegesha ubavuni mwa Delfo kwa miaka kumi na tisa. Walicheza karata kila mchana na kuibiana waziwazi.

"Aa, hiki! Nilidhani ni makalio yangu. Lakini sikiliza, Askofu. Miguu yangu ndiyo inayogusa ardhi. Kiti kinanigusa mimi tu."

"Kirudishe ndani."

"Watu wameacha kwenda kanisani, na wewe umewaanzishia dini nyingine, ya magurudumu. Sadaka tunatoa lini?"

"Utatoa siku chuma kitakapowekwa. Ndani, Quinto."

Quinto alikirudisha, akinung'unika, akiwaita wengine waje waone mzee anavyonyanyaswa. Walimwita Askofu wa Magurudumu, wakamwigiza anavyotembea. Lakini kwa miaka minne hakuna aliyeandikiwa kosa, na kila mmoja alijua kwa nini.

Mwaka wa tano, mwezi Machi, Nives aliwekewa nyonga ya chuma. Daktari alimruhusu kusafiri, ila asipande wala kushuka hatua ndefu. Mlango wa kempa yao ulikuwa na hatua ndefu. Watu wengine wangebeba kijistuli cha plastiki na kukiweka chini. Delfo alishinda karakanani kwake wiki tatu akatengeneza kipandio cha kuning'inia: mikono miwili ya chuma iliyofungwa kwenye fremu, na ubao wa alumini ukielea vidole vitatu juu ya ardhi. Alimpandisha Nives. Akapanda naye. Akajaza tangi la maji mpaka juu, wakapanda tena wote wawili, akalala kifudifudi na kupitisha mkono chini. Vidole viwili bado.

"Sasa ukanyage kama malkia," alimwambia.

"Malkia gani ana nyonga ya bomba?"

Lakini aliwaita majirani waone, na akapanda na kushuka mara nne mbele yao bila kushika kitu. Aliona fahari, na ilimstahili. Mumewe hakuwa ameichagua sheria akamwacha yeye, wala hakuwa amemchagua yeye akaiacha sheria.

Tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ambayo Italia yote hufunga maduka na kula, majirani zake wa Valcupa walitaka kupanga meza chini ya misonobari. Siku moja tu, walisema, hata askari wanakula leo. Delfo alikataa.

"Basi tutakula wapi, hewani?" Quinto alimuuliza. Alikuwa amerudi kutoka mjini na mishikaki mia ya kondoo, imefungwa kwa karatasi, bado inatoa moshi.

"Ndani. Kwangu ndiko kwenye nafasi."

"Sisi kumi na mmoja?"

"Pumua kidogo kidogo."

Wakaingia wote kumi na mmoja. Walikaa vitandani, kwenye ngazi ya kitanda cha juu, mmoja juu ya kifuniko cha choo, mlango wake ukiwa wazi ili asikose habari. Nives alikuwa amepika tambi kwa kome, sahani zikapitishwa juu ya vichwa. Mke wa Quinto alimwambia mumewe avute tumbo ndani ili watu wengine wapate kuinua uma. Quinto akajibu kuwa tumbo lile lilisajiliwa pamoja na gari. Wakanywa divai kwa ajili ya nyonga mpya. Wakaimba. Delfo, amebanwa kati ya friji na mlango, jasho likimtiririka, alitazama nje maegesho yaliyonyooka, bila kiti hata kimoja, na alijiona tajiri.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa. Alikuwa askari wa manispaa, Rosalba, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiwasalimia kila mwaka. Mwenye miavuli ya kukodi ufukweni alikuwa amepiga simu kulalamika kelele.

"Bwana Zoffoli, nimepiga picha ya kipandio. Kinagusa ardhi."

Delfo alishuka kama aliyetukaniwa mama yake. Wengine wakamfuata, wakipiga kelele kwa pamoja.

"Kinagusa? Kinagusa wapi? Tazama!" Alipiga goti na kupitisha mkono chini ya ubao. "Vidole vitatu! Pima mwenyewe!"

Rosalba aliinama, akatazama, akakuna shingo. "Sasa hakigusi. Nilipofika nilikiona kimegusa. Mimi naandika nilichokiona, mzee. Mengine atasema hakimu."

"Una wivu na mishikaki yetu tu," alisema Quinto. "Chukua miwili, uchane karatasi hiyo."

"Ukinipa hata mmoja nitaandika na hilo pia."

Akaandika, akaenda zake. Watu wakamzunguka Delfo, wakimpiga mabegani, wakisema kesi hii ni ya kushinda kabla ya kifungua kinywa. Yeye alikuwa bado amepiga goti. Kwenye mchanga chini ya ubao aliona mistari miwili, urefu wa kidole, kina cha ukucha, mahali pale pale zilipo kingo mbili za kipandio. Alielewa mara moja, kama fundi anavyoelewa. Alikuwa amepima kwa watu wawili. Hakupima kwa kumi na mmoja. Springi za kempa zilikaa chini ya uzito wao, ubao ukagusa, na waliposhuka ukainuka tena. Sheria ile ile iliyowakataza kukaa nje ndiyo iliyowajaza ndani.

Alisimama, akatazama kulia na kushoto, akapitisha soli ya kiatu juu ya mistari ile mara mbili.

Nisiifunike siku hiyo. Mtu aliyewasumbua wenzake miaka minne kwa kiti na ndoo alifuta ushahidi kwa kiatu chake, mchana kweupe, na usiku akalala. Mkewe alikuwa mlangoni, ameshika sahani.

Kesi iliitwa mwezi Oktoba. Chama kilimlipia wakili kutoka Pescara, bwana Tascone, ambaye alimpigia simu akicheka.

"Mzee Zoffoli, picha haioneshi kitu, kivuli kimemeza kila kitu chini ya ubao. Na askari ni mtu mwaminifu, hataapa asichokiona vizuri. Wewe utaulizwa kama kiligusa. Utajibu: picha ilipopigwa nilikuwa ndani, sikuona. Si ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani."

"Basi ni kweli tupu. Uje umevaa vizuri."

Waliteremka na kempa, siku mbili, kwenye pwani iliyokuwa imefungwa kwa ajili ya baridi, miavuli imekunjwa, vioski vimefunikwa maturubai. Kabla ya Ancona walisimama kando ya kituo cha mafuta kula mikate yao ya piada na jibini. Mvua ilikuwa ikigonga paa.

"We Delfo," alisema Nives. "Siku ile ulikuwa unafuta nini kwa kiatu?"

"Mchanga."

"Mchanga unafutwa?"

Delfo alitafuna kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji mkate ule.

"Mimi nilikuwa mlangoni," Nives aliendelea. "Niliona mistari miwili. Nimekaa miezi miwili najiambia, atasema mwenyewe, si ni Delfo huyu?"

"Nikisema, Valcupa imekwisha."

"Najua."

"Si kwetu tu. Kwa wote. Kwa Quinto."

"Nimesema najua. Kipandio chenyewe ni changu, au umesahau? Kama ni nyonga yangu iliyoleta..."

"Nyonga yako haikuleta kitu." Sauti yake ilikuwa kali mpaka ikamshtua mwenyewe. "Kipandio nilikitengeneza mimi. Kazi ya kupima ilikuwa yangu. Nilipima vibaya."

"Haya. Basi mimi sikuagizi kitu. Nimekuuliza ulikuwa unafuta nini, ukanijibu mchanga. Miaka arobaini na minne ya ndoa, na hilo ndilo jibu la kwanza la kijinga ulilonipa."

"La kwanza?"

"La tatu. Kula mkate wako."

Aliula. Halafu alifungua kabati achukue kikombe, na karatasi yake ya miaka mingi ikawa mbele ya uso wake, mwandiko wake mwenyewe, wino umepauka. Alikaa na mkono juu ya kitasa mpaka kahawa ikachemka na kumwagikia jikoni.

Chumba cha hakimu kilikuwa kidogo. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Watu wa kempa walikuja tisa, wengine kutoka mbali, wamekaa benchi la nyuma na makoti mapajani kama wanaosubiri daktari wa meno. Rosalba alisema alichokiona: kutoka umbali wa hatua tano kipandio kilionekana kimegusa, alipoinama baadaye hakikuwa kimegusa, na zaidi ya hapo haapi. Wakili aliinua picha kwenye mwanga, akaitikisa kidogo, akairudisha mezani. Kivuli.

"Bwana Zoffoli," alisema hakimu, "wewe unasemaje? Kiligusa au hakikugusa?"

Delfo alisimama. Alikuwa amevaa koti la harusi ya binti yake.

"Mheshimiwa, picha ilipopigwa nilikuwa ndani. Sikuona."

Wakili alianza kukusanya karatasi zake. Delfo hakukaa.

"Lakini ndani tulikuwa watu kumi na mmoja, na tangi lilikuwa limejaa. Tuliposhuka nilikuta alama mbili mchangani, chini ya ubao. Kiligusa. Alama nilizifuta kwa kiatu changu."

Nyuma, mtu alitoa sauti kama aliyekanyagwa. Hakimu alivua miwani.

"Mbona sikukuuliza habari za alama?"

"Umeniuliza kama kiligusa. Kiligusa."

"Unafahamu mkataba wenu na manispaa unasemaje?"

"Sahihi ya kwanza ni yangu."

Hakimu akaandika. Faini ilithibitishwa. Uamuzi wenyewe haukuchukua hata dakika tano.

Koridoni Quinto alimngoja, kofia mkononi, uso mwekundu.

"Askofu. Miaka minne unanitoa kitini kama mbwa. Nikanyamaza, kwa sababu nilisema huyu anatulinda. Leo ulipewa mlango wazi, mpana, wa kisheria, wakili ameushika kwa mkono, na wewe ukaufunga sisi tukiwa ndani!"

"Quinto, niliwaambieni nyote kwamba sheria ni ya kila mtu. Ningekutoaje tena kitini?"

"Kusingekuwa na shida! Ungenitoa, ningetoka! Sasa kiti nitakiweka wapi, kwenye balkoni ya Terni?"

"Nisamehe kwa kipandio. Nilikipima vibaya. Kwa niliyosema mle ndani sikuombi radhi."

Quinto alivaa kofia yake. "Basi cheza karata na hakimu," alisema, akaondoka, na wengine wakamfuata wakipita pembeni ya Delfo kama wanaopita nguzo. Wapo watakaosema Quinto alikuwa na haki, kwamba kwa ajili ya watu arobaini mtu mmoja anaweza kumeza neno moja. Sikubaliani nao. Wale arobaini walikaa Valcupa kwa nguvu ya ahadi iliyoandikwa, na ahadi inayosimama kwa uongo wa aliyeitia sahihi haisimami tena, hata kama hakimu hajui.

Rosalba alikuwa mlangoni. Alipeleka mkono kwenye ukingo wa kofia yake, kama wanavyofanya kwa wakubwa zao, na akaushikilia pale mpaka walipopita. Nje palikuwa na ngazi kumi na mbili za mawe. Delfo alimpa Nives mkono, lakini Nives hakuuhitaji, nyonga ilikuwa imepona. Aliushika hata hivyo. Akashuka ngazi zile polepole, kichwa juu, katikati kabisa, ili kila aliyesimama barabarani aone amemshika nani.

Agosti iliyofuata walipita Valcupa wakielekea kusini zaidi, kwenye kambi ya kulipia iliyo bara, kilomita saba kutoka baharini. Chuma kilikuwa kimeshawekwa, kimepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Delfo aliwasha taa za tahadhari, akasimama kando, akafungua droo ya visu na kutoa nyundo.

"Delfo, usije ukatufungisha jela kwa nyundo," alisema Nives.

Hakuvunja kitu. Aligonga kiungo cha kulia, akatega sikio. Akagonga cha kushoto. Akagonga tena.

"Hawakukipa moto wa kutosha," alisema. "Kitapasuka kabla ya baridi ya pili. Kitamwangukia mtu."

"Kikianguka, kempa zitapita."

"Kitamwangukia mtu, Nives."

Akaandika barua palepale, juu ya usukani, kwa manispaa ya Marina di Valcupa: kiungo cha kushoto cha boriti ya maegesho ya misonobari kimechomelewa vibaya, kikatwe na kuanzwa upya. Akatia jina lake kamili na anwani. Barua waliitia kwenye sanduku la posta la mji uliofuata, na mwezi Septemba Rosalba alimtumia kadi yenye picha ya ufukwe na mstari mmoja nyuma yake: kiungo kimeshatengenezwa.

Kauli yake kwa hakimu ilimgharimu Valcupa, mahali pa mwisho kwenye pwani ile alipoweza kuamka na kutembea hatua thelathini mpaka majini. Iliwagharimu watu arobaini mahali hapo hapo. Na ilimgharimu urafiki wa Quinto Marzoli, ambaye hajamsemesha tangu siku ile.